Tucheke mashine, tusimcheke aliye mbele yetu

Leo sitaongea juu ya bei ya unga wala hali ya barabara ya Sake. Ninataka kuongea juu ya kicheko, tena kicheko cha mahali pamoja: pale kazi inapofanyika kwa mashine. Yaani kwa fundi wa simu, kwa wakala wa pesa za simu, ndani ya studio ya redio kama yetu, na kwenye meza ile ambapo wahamishwa wanaandikishwa kwa tableti na alama za vidole.

Najua mtu atasema: mwandishi, watu wanalia, wewe unatuletea kicheko? Nitafika kwenye swali hilo. Kwanza niruhusuni nianze na fundi mmoja.

Siku ya posho iliyopita nilikuwa Birere, nimepeleka simu yangu ambayo ilikataa kukamata moto. Mbele yangu alikuwa mama mmoja ameshika simu yake ndani ya kitambaa, kama mtu anayepeleka mtoto mgonjwa kwa daktari. Uso wake ulikuwa umekaza. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na namba ya mtoto wake aliye Kisangani, na hakuwa ameiandika popote pengine. Fundi akaipokea, akaigeuza, akaibonyeza, halafu akamwambia kwa sauti ya mchungaji: «Mama, hii simu haikufa. Iko mu maombi ya kufunga. Tuipatie kwanza chakula kidogo.»

Sote tulicheka. Mama naye akacheka, akakaa kwenye kiti. Na baada ya kukaa ndipo akasema jambo ambalo hakulisema alipofika: «Fundi wangu, nisikufiche. Ilianguka mu sungunya ya sombe.»

«Aa, kumbe haikufunga! Ilikula zaidi!»

Wakacheka tena. Lakini angalieni mkono wa fundi. Alikuwa tayari ameshika waya wa kuchaji ili aujaribu. Aliposikia neno sombe, aliuweka chini waya, akafungua simu, akatoa betri, akaanza kusafisha kwa alkoli na mswaki. Kwa sababu simu iliyoingia maji, tena maji yenye chumvi na mafuta, ukiichomeka moto kabla haijasafishwa na kukauka, unaiunguza wewe mwenyewe. Ule mzaha wa kwanza ndio uliomfanya mama aseme ukweli, na ukweli ndio ulioiokoa simu pamoja na namba ya mtoto.

Kama fundi angekuwa mtu wa kukunja uso, mama angesema kama tunavyosema sote: «Ilizima tu yenyewe.» Tunasema hivyo kwa haya, na kwa kuogopa kuongezewa bei. Fundi anayedanganywa anatengeneza ugonjwa ambao haupo na kuacha ule uliopo.

Hapo ndipo mawazo yangu yanaanzia. Kwenye kazi za mashine, mzaha ni kifaa cha kazi kama bisibisi. Ukitumiwa vizuri unafungua, na ukitumiwa vibaya unaharibu kichwa cha skrubu, halafu hakuna anayeweza kuifungua tena.

Ndani ya studio

Niwape mfano wa kwetu. Mwezi wangu wa kwanza kwenye redio, nilimaliza kusoma habari, nikadhani mikrofoni imefungwa. Nikamwambia teknisien wetu kwamba tangu asubuhi nimekunywa chai moja tu na njaa inataka kuniua. Mji mzima ukasikia. Nilipotoka studioni miguu ilikuwa inatetemeka. Nilijua nimefukuzwa.

Yule mzee aliniangalia, akasema: «Wasikilizaji wawili wameshapiga simu. Mmoja anauliza habari za Walikale, mwingine anauliza kama umeshakula.»

Halafu akanipeleka kwenye meza, akanionyesha taa nyekundu na namna ya kuiangalia kabla ya kufungua mdomo. Akanieleza kwamba yeye mwenyewe, miaka mingi nyuma, aliwahi kuingiza tangazo la bia katikati ya misa ya siku ya Mungu. Mwisho akatoa daftari ambamo kila kosa la studio linaandikwa: tarehe, kilichotokea, na namna ya kuzuia kisirudie. Kosa langu nikaliandika kwa mkono wangu. Sijarudia mpaka leo.

Sasa mfano wa pili. Nilipitia pia nyumba nyingine ya habari ambayo sitaitaja. Huko kijana mmoja aliunguza amplifaya kwa kukosea waya. Mkubwa wake akampa jina mbele ya watu wote: «Profesa wa kuunguza». Kila asubuhi: «Profesa, leo unaunguza nini?» Wote wanacheka, naye anacheka kwa meno tu. Ikapita miezi. Siku moja feni ya mtambo wa kurushia matangazo ikaanza kulia. Kijana alisikia. Alijua kwamba feni ikisimama, mtambo unapata joto na kuungua. Lakini alinyamaza. Baadaye aliniambia: «Yaya, kama ningesema, wangesema ni mimi tena.» Feni ikasimama usiku. Mtambo ukaungua, redio ikanyamaza siku tatu.

Siku tatu bila redio si jambo dogo hapa kwetu. Ni siku tatu ambazo watu wa vijijini hawajui barabara gani imefungwa, maji yanagawanywa wapi, mtoto aliyepotea amepatikana kanisa gani. Bei ya ule mzaha ililipwa na watu ambao hata hawakuusikia.

Mizaha yote miwili ilikuwa juu ya kosa. Wa mzee ulifanya kosa liwe dogo kiasi cha kuandikwa na kurekebishwa. Ule mwingine ulimfanya mtu mwenyewe awe kosa. Na mtu aliyeitwa kosa hawezi tena kukueleza penye tatizo, maana kila tatizo analoonyesha linamrudia yeye.

Si sisi peke yetu

Wanaotengeneza mashine hizi huko mbali nao wameyapitia. Mnajua neno «bug», yaani mdudu, ambalo watu wa kompyuta wanatumia kwa kasoro ndani ya programu. Mainjinia walikuwa wanalitumia neno hilo tangu zamani, tangu karne ya 19. Lakini tarehe 9 mwezi wa tisa 1947, wafanyakazi wa kompyuta kubwa ya Harvard kule Marekani iliyoitwa Mark II walitafuta kasoro, wakakuta nondo wa kweli amenaswa ndani ya mashine. Walimbandika kwa utepe ndani ya daftari la kazi, wakaandika pembeni kwamba hii ndiyo mara ya kwanza mdudu wa kweli kupatikana. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mpaka leo. Ni mzaha mzuri kwa sababu waliandika ukweli wa kilichotokea, wakacheka, na hakuna mtu aliyedharauliwa. Ni daftari kama la mzee wetu.

Lakini kuna upande wa pili. Ndani ya simu za Android ambazo wengi wetu tunazo mkononi kuna kiini kinachoitwa Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kwa miaka mingi bwana huyo alijulikana kwa barua kali za matusi kwa mafundi wenzake walioleta kazi yenye makosa. Wengine waliziona kama kichekesho na kuzisambaza. Mwezi wa tisa 2018 yeye mwenyewe aliomba msamaha hadharani, akakaa pembeni kwa majuma kadhaa, na kundi lao likakubali kanuni mpya za namna ya kuheshimiana. Kama mtu wa kiwango hicho alikubali kwamba ukali wake uliwaumiza watu na kuwafanya wengine waondoke, mkubwa wa studio ya watu kumi hana sababu ya kuona haya kukubali.

Mfano mwingine ni wa kampuni ya Google. Tarehe 1 mwezi wa nne 2016, siku ile tunayoiita «poisson d'avril», waliweka kitufe cha mzaha ndani ya Gmail, karibu na kile cha kawaida cha kutuma. Ukikibonyeza, barua yako inaondoka na kikatuni kinachoangusha mikrofoni, na majibu ya wenzako huyaoni tena. Watu wakakibonyeza bila kujua, kwenye barua za kazi na mambo mazito. Siku hiyohiyo kampuni ilikiondoa na kuomba radhi.

Nimeuleta mfano huo kwa sababu una somo kwetu. Mzaha wa mdomo unaona uso wa anayesikia. Ukiona uso umeanguka, unaweza kusema «samahani mama, nilikuwa natania». Mzaha uliowekwa ndani ya mashine hauoni uso. Unaenda kwa mwenye furaha na kwa mwenye msiba sawasawa.

Na hapa kwetu tunaufanya kila mwaka. Kuna kijana wa kibanda kimoja cha pesa za simu aliyetuma ndani ya kundi la WhatsApp, tarehe 1 mwezi wa nne, ujumbe ulioandikwa kama wa shirika: ugawaji wa pesa kesho saa mbili asubuhi, mje na jetoni na simu. Kwake ilikuwa samaki wa mwezi wa nne. Mama mmoja jirani yetu, mhamishwa, alitoka usiku na mtoto mgongoni ili awe wa kwanza kwenye mlolongo. Alifika, akakuta uwanja mtupu na akina mama wengine kumi na zaidi. Aliporudi nilimkuta amekaa nje. Hakulia. Aliniambia tu: «Sasa siku ujumbe wa kweli ukifika, nitajuaje?»

Swali hilo lisikilizeni vizuri. Ule mzaha haukumnyima usingizi wa usiku mmoja tu. Ulimwondolea imani katika simu, na simu ndiyo mlango aliobaki nao. Mnakumbuka mwaka 2025, M23 walipochukua mji wa Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza na benki zikafunga milango, ilikuwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zilizobeba feza za familia. Mnakumbuka pia mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 na siku tano baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya mji wakaambiwa waondoke: habari za kweli na mizaha juu ya ziwa vilizunguka kwenye simu zilezile, na watu hawakujua wakimbie au wakae. Kwa hiyo mimi nasema bila kuzunguka: pesa, ugawaji, na tahadhari za usalama havitaniwi. Wala tarehe 1, wala siku nyingine.

Vidole vya koko

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Ni kosa langu mimi.

Mwaka 2023, baada ya vita kufika Kitshanga, watu wengi wa Masisi waliteremka kupitia Sake mpaka kwenye makambi ya pembeni ya Goma. Nilikuwa kwenye kambi moja siku ya kuandikishwa. Jua kali, mlolongo mrefu, vijana watatu na tableti, na kile kifaa kidogo cha kusoma alama za vidole. Alifika koko mmoja, mwanamke mzee, na wajukuu wanne. Akaweka kidole, taa ikawa nyekundu. Akaweka tena, nyekundu. Mara ya tatu, nyekundu. Kijana wa tableti, aliyekuwa amechoka, akageuka kwa mwenzake akasema kwa sauti ya kusikika: «Huyu hata vidole vyake vimekimbia vita! Havijafika kambini!»

Watu walicheka. Mimi nilicheka, tena kwa nguvu. Niliandika sentensi hiyo ndani ya kijitabu changu, na jioni, kwenye dakika zetu nyepesi za mwisho wa kipindi, niliisema hewani. Sikutaja jina wala kambi. Nilidhani imetosha.

Sikuona, au sikutaka kuona, kile alichofanya koko. Aliangalia mikono yake, akaificha ndani ya kikwembe, akatoka kwenye mlolongo na wajukuu wake, akaenda.

Siku mbili baadaye mjukuu mkubwa, msichana wa kama miaka kumi na mitano, alikuja mpaka mlangoni pa redio. Alisalimia vizuri, kama alivyofundishwa. Akasema: «Baba wa redio, koko anasikiliza redio yenu. Alisikia. Anasema amelima miaka hamsini, vidole viliisha kwenye jembe. Amekataa kurudi kule.» Kisha akanyamaza, akiangalia chini. Hakuwa amekuja kunigombeza. Alikuja kuuliza kama yeye mwenyewe anaweza kwenda kuandikisha familia badala ya koko, kwa sababu kuandikisha kulikuwa kunaisha juma hilo.

Ndugu zangu, yule koko alisema kweli ambayo kila anayeshika kifaa kile anapaswa kuijua. Mikono iliyolima, iliyobeba mawe, iliyofua na kutwanga, mistari ya vidole inasuguliwa mpaka inakwisha. Na uzee wenyewe unaikausha ngozi. Mashine inashindwa kusoma. Hilo ni tatizo la mashine linalojulikana duniani kote, na sisi tukaligeuza kuwa kichekesho cha mwanamke aliyekimbia na watoto wanne.

Nilikwenda naye kambini. Nilimkuta koko amekaa mbele ya kibanda chake cha shitingi, nikapiga magoti nikaomba msamaha. Hakusema mengi. Alisema: «Mutoto, wewe ulicheka kwa sababu wengine walicheka.» Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma zaidi.

Tulirudi naye kwenye meza ya kuandikisha. Siku hiyo kulikuwa na agenti mwingine, mama wa makamo. Kidole cha kwanza, nyekundu. Mama yule hakukunja uso. Alichukua kitambaa chenye maji, akampangusa koko vidole kimoja kimoja, akajaribu gumba, akajaribu mkono wa pili. Nyekundu. Akaangalia kile kifaa, akatikisa kichwa, akasema: «Koko, umuhurumie huyu. Hajawahi kulima hata siku moja. Mikono ya kazi haijui.»

Watu wakacheka, na koko akacheka wa kwanza. Akajibu: «Basi mumtume shambani kwangu, ajifunze.» Wakamwandikisha kwa picha na jina, na wajukuu wote wanne wakaingia kwenye orodha.

Taa nyekundu ileile, vidole vilevile, hata mzaha unakaribia kuwa mmoja. Kijana alimweka koko chini ya mashine. Mama aliiweka mashine chini ya koko. Tofauti yake ilikuwa chakula cha familia nzima.

Redio na kicheko

Sisi wa redio tuna sababu nyingine ya kujichunguza, na hatuhitaji kwenda mbali. Kule ng'ambo ya mpaka, Rwanda, redio ya RTLM ilianza mwaka 1993. Watu waliipenda kwa muziki na kwa watangazaji waliotania kama marafiki kwenye baa. Kicheko hicho ndicho kilichofungua masikio, na mwaka 1994 masikio yaleyale yakamwagiwa wito wa kuua. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwahukumu wakubwa wa chombo hicho. Mji wetu wa Goma unaujua mwaka 1994 bila kusimuliwa.

Sisemi kwamba mzaha wangu wa vidole ni sawa na hayo. Ninasema kwamba hapa Kivu, anayemiliki mikrofoni, tableti au kundi la WhatsApp la watu mia mbili hana ruhusa ya kusema «nilikuwa natania tu» juu ya kabila la mtu, juu ya lafudhi yake, juu ya kijiji alichotoka. Mababu zetu walikuwa na utani, lakini utani huo ulikuwa na mipaka na njia ya kujibu: mjukuu anamtania koko, koko anamrudishia, shemeji anamtania shemeji. Ni wa kupokezana. Mtu aliye kwenye mlolongo hawezi kumrudishia aliye na tableti, kwa sababu anaogopa kufutwa kwenye orodha. Basi huo si utani tena.

Lakini watu wanalia

Narudi kwenye swali la mwanzo. Je, si afadhali tunyamaze, tufanye kazi kwa uso wa msiba, mpaka amani irudi?

Hapana. Aliyeishi kambini anajua kwamba wahamishwa wenyewe walicheka kuliko sisi. Kabla makambi ya pembeni ya Goma hayajabomolewa mwezi wa pili 2025, nilikaribishwa ndani ya kibanda ambacho shitingi yake ilikuwa imetoboka kila mahali, na baba mwenye nyumba akaniambia: «Karibu hotelini. Ninyi mjini mnasifu hoteli za nyota tano. Mimi nalala chini ya nyota elfu.» Alikuwa anajenga heshima yake mwenyewe kwa maneno, kwa kuwa mbao hakuwa nazo. Mtu akijicheka mwenyewe anashika usukani wa taabu yake. Ukimcheka wewe, unamnyang'anya usukani huo.

Na uso wa msiba nao unaumiza. Nimeona mawakala wanaokuambia «système haipo» bila kuinua macho, na mzee wa watu anarudi nyumbani akidhani ni yeye aliyekosea kubonyeza. Neno moja la kirafiki, kama «mzee, leo mashine imeamka vibaya, si wewe», lingemwondolea aibu, na kesho angerudi.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaomba, na ninayaomba kwa majina ya kazi, si ya watu.

Kwa mafundi na mawakala: tania mashine, au jitanie wewe mwenyewe. Mteja mwache aanze yeye. Na kama shida yake haijaisha, usiache mzaha uwe ndio jibu. Tengeneza kwanza, au sema wazi kwamba huwezi. Mtu anayerudi nyumbani na kicheko bila namba ya mtoto wake umemdanganya kwa upole.

Kwa mashirika yanayoandikisha watu: mnawafundisha vijana siku nzima namna ya kutumia tableti. Ongezeni saa moja juu ya namna ya kusema na mtu ambaye kidole chake hakisomeki, ambaye jina lake limeandikwa vibaya, ambaye hajui mwaka wake wa kuzaliwa. Na njia ya kuandikisha bila vidole ielezwe mbele ya mlolongo tangu asubuhi, kwa sauti, ili asiwepo wa kutoka kwa haya.

Kwa wakubwa wa studio, wa vibanda na wa ofisi: wekeni daftari la makosa, na ukurasa wa kwanza uandikwe kosa la mkubwa mwenyewe. Majina ya kuchekesha mliyowapa vijana wenu, waulizeni faraghani kama wanayapenda. Mtashangaa.

Kwa sisi waandishi: tusipeleke hewani kicheko tulichokikuta kwa mtu ambaye hakutupa ruhusa. Kuficha jina hakutoshi. Mwenyewe anajijua.

Na kwa ninyi mlio kwenye mlolongo: mna haki ya kusema, kwa heshima, «mtoto wangu, hiyo haikunichekesha». Msiondoke kwenye mlolongo kama koko. Kaeni, semeni, na ninyi wa nyuma mumsaidie anayesema, badala ya kucheka kwa sababu wengine wamecheka. Kama nilivyofanya mimi.

Yule koko, baada ya makambi kuvunjwa, alirudi upande wa Masisi na wajukuu. Mjukuu mkubwa ananipigia simu mara moja moja, mtandao unapokubali. Mara ya mwisho nilisikia sauti ya koko nyuma ikiuliza kama ile mashine imeshajifunza kulima. Nilimjibu kwamba bado, inasingizia mvua.

Je, wewe uliwahi kuchekwa mbele ya mashine, au mzaha wa fundi ulikuondolea woga? Juma lijalo kwenye kipindi chetu cha jioni tutapokea simu zenu. Njooni tuongee, na tucheke vizuri.